Saa ya steji na presha ya Mwalimu

Mwalimu mmoja wa Kisumu ameniandikia hivi:

"Nina miaka 47, nafundisha shule ya msingi. Mama yetu alipooza upande mmoja kwa sababu ya presha, na tangu mwaka jana nami kila nikipimwa naambiwa yangu inapanda na kushuka. Mwanangu ananisihi ninunue saa janja. Karibu na steji ya matatu nimeona moja ya shilingi 3,500, muuzaji anasema inapima presha, sukari, oksijeni na moyo. Kaka yangu aliye Nakuru ana Apple Watch aliyoivaa miaka mitatu, ananiachia kwa 12,000. Simu yangu ni Samsung ya kawaida. Nimejiwekea 15,000. Jioni natembea kutoka Milimani hadi Dunga na kurudi. Je, saa hizi zina maana yoyote? Na kama zina maana, nichukue ipi?"

Mwalimu, habari za huko. Pole sana kwa yaliyompata mama. Nimelisoma swali lako mara mbili, na jambo la kwanza ninalokuomba ni hili: ile saa ya 3,500 iache pale pale ilipo. Sisemi hivyo kwa ajili ya bei. Viko vitu vya bei ndogo vinavyofanya kazi yake vizuri, na nitakutajia. Taabu ya saa ile ni kwamba itakupa namba ya presha kila ukiiuliza, na kwa hofu uliyo nayo moyoni, utaiamini.

Kazi yangu hapa Nakuru ni kukagua na kutengeneza mitambo ya hospitali: mashine za presha, za oksijeni, za kusoma umeme wa moyo. Kwa sababu hiyo majirani huniletea na saa zao. Mmoja wao, mzee wa miaka sitini na kitu, alinijia jioni moja amevaa saa ya aina hiyo hiyo ya steji. Alikuwa na furaha. Kwa wiki tatu saa ilikuwa imemwonyesha 118 kwa 78 kila asubuhi, akaona amepona, akaacha dawa. Nikamketisha, nikamwacha apumzike dakika tano, nikamfunga ukanda wa mashine mkono wa kushoto, saa ikabaki mkono wa kulia, nikaviwasha vyote viwili. Mashine ikasoma 164 kwa 98. Saa ikasoma 119 kwa 78. Tukarudia, mambo yakawa yale yale. Akaivua akanipa. Nikaivaa mimi, nikapanda ngazi za ghorofa nne mbio, na nikiwa bado nahema nikapima: 117 kwa 76. Mwisho nikaifunga kwenye taulo iliyoviringishwa, pale mezani, mbele ya macho yake. Taa za kijani zikamulika, duara likazunguka kwenye skrini kama nusu dakika, kisha saa ikaandika 121 kwa 79.

Mzee alinyamaza kitambo. Kesho yake asubuhi alikuwa kliniki.

Ngoja nikueleze kwa nini inakuwa hivyo, maana ukishajua utaweza kujiamulia hata kwa saa ambayo sijaitaja. Geuza saa janja yoyote utazame mgongo wake. Utaona kioo kidogo chenye taa za kijani na vidirisha vyeusi kando yake. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu nyingi zaidi hupita chini ya ngozi ya kifundo cha mkono, kwa hiyo mwanga unaorudi unapungua. Kati ya pigo na pigo unaongezeka. Vile vidirisha hupokea mwanga unaorudi, na saa inahesabu kupanda na kushuka kwake. Hapo ndipo mapigo ya moyo yanapopatikana, na kwa kazi hiyo hata saa ya bei ya kati inajitahidi sana.

Presha ni jambo jingine. Ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Mashine ya ukanda huubana mshipa wa mkono mpaka damu isipite, halafu inalegeza polepole huku ikipokea mitikisiko ya damu inapoanza kupita tena. Imeshindana na mshipa, ndiyo maana inaijua nguvu yake. Taa haibani kitu chochote.

Zipo saa za kampuni kubwa zinazokadiria presha kwa kusoma umbo la wimbi la mapigo. Tazama masharti yake. Samsung, kwa zile Galaxy Watch zenye uwezo huo, humtaka mvaaji apime kwanza kwa mashine ya ukanda na kuingiza namba hizo, tena arudie kila baada ya siku 28. Yaani bila mashine ya ukanda, saa haijui pa kuanzia. Huawei walipita njia nyingine: Watch D yao ina kifuko cha hewa ndani ya mkanda, kinachojaa na kubana kifundo cha mkono. Hapo kuna kupima kweli, ila bei yake iko mbali na hizo 15,000. Basi saa ya 3,500, isiyo na kifuko cha hewa na isiyokuuliza kipimo chochote cha mashine, namba zake inazitoa wapi? Kwa niliyoyaona pale mezani, inazitunga.

Kuhusu sukari sina maneno mengi. Februari 2024 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, iliwaonya watu kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Kuna vifaa halali vinavyobandikwa mkononi, lakini hivyo vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, na saa kazi yake ni kuonyesha tu namba iliyotumwa kutoka huko. Mgonjwa wa kisukari akidunga insulini kwa kufuata namba ya kutunga anaweza kuzimia asiamke. Mtu akikuambia saa yake inapima sukari kwa taa, ondoka dukani mwake, kwa sababu hata mengine atakayokuambia hutajua uyaamini vipi.

Oksijeni nayo ina jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Hupimwa kwa mwanga mwekundu na ule usioonekana kwa macho, na rangi ya ngozi huingilia. Mwishoni mwa 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan waliandika kwamba hata vile vipimo vya kidoleni vya hospitali viliwakosea wagonjwa weusi: kwa karibu mara tatu zaidi kuliko wagonjwa weupe, kipimo kilisema oksijeni inatosha ilhali damu iliyotolewa mshipani ilionyesha imeshuka. Kama kifaa cha hospitali kinakosea hivyo, cha mkononi tukitegemee kwa lipi? Ukikosa pumzi, usiiulize saa. Nenda ukapimwe.

Sasa swali lako lenyewe: zina maana yoyote? Zina maana, kwa mtu fulani, kwa kazi fulani.

Kazi ambayo saa nzuri huifanya ni kukuonyesha mwenendo wako wa siku nyingi. Hatua ulizotembea. Mapigo ya moyo ukiwa umepumzika. Saa ulizolala (ule mchoro wa usingizi mzito na mwepesi usiupe uzito sana; jumla ya saa za kulala ndiyo inayokaribia ukweli). Namba ya siku moja haina thamani kubwa. Ya wiki sita ina thamani. Mtu ambaye mapigo yake ya mapumziko huwa 68, akiyaona yamekaa 78 siku tatu mfululizo, ana sababu ya kujiuliza: nimelala vibaya, nina homa inayokuja, nina mawazo? Huko Kisumu homa ina jina lake la kwanza kila mtu analolijua. Saa haitakuambia ni malaria. Itakuambia mwili una jambo, ukatolewe damu kidoleni.

Kuhusu kutembea, utafiti upo. Mwaka 2022 jarida la The Lancet Digital Health lilitoa mapitio ya watafiti wa Australia waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, zenye watu zaidi ya 160,000 kwa jumla. Waliovaa vifaa vya kuhesabu hatua waliongeza takriban hatua 1,800 kwa siku. Hilo si dogo. Lakini upo pia utafiti wa Marekani wa 2016, katika jarida la JAMA, uliowafuatilia vijana wenye uzito wa kupita kiasi kwa miaka miwili. Wote walishauriwa kuhusu chakula na mazoezi. Nusu wakapewa na kifaa cha kuvaa. Waliopewa kifaa walipunguza kilo 3.5 kwa wastani. Wasiopewa walipunguza 5.9. Nikiziweka tafiti hizi mbili pamoja, ninachokiona ni kwamba kifaa humsukuma mtu atembee zaidi, lakini kukitumainia kifaa kwa mambo mengine yote kunaweza kumlegeza.

Wewe tayari unatembea. Kama Milimani hadi Dunga ni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na unafanya hivyo siku tano, hizo ni dakika 300 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Umefika mwisho wa kipimo chao bila saa yoyote, na nakupongeza kwa dhati. Usije ukaona saa imeandika hatua 8,200 ukajihisi umeshindwa kwa sababu hazijafika 10,000. Namba ile ya 10,000 haikutoka kwa daktari. Ilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake likiwa na maana ya "kipimo cha hatua elfu kumi".

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, fanya jaribio lisilogharimu kitu. Simu yako inaweza kuhesabu hatua. Washa programu ya Samsung Health, weka simu mfukoni kila ukitembea, na kila usiku kabla ya kulala angalia namba. Fanya wiki mbili. Ikiwa siku ya kumi na nne bado unaitafuta ile namba, na kuna jioni ulinyanyuka ukatembea kwa sababu uliona imepungua, basi saa utaivaa. Ikiwa kufikia siku ya tano ulishasahau, saa nayo itaishia kwenye droo pamoja na chaja yake. Zimepita mikononi mwangu nyingi za droo, bado mpya, betri imekufa kwa kukaa bila chaji.

Sasa pesa zako. Gawanya 15,000 mafungu mawili, na fungu la kwanza liwe la mashine ya presha ya mkono, ile ya kidijitali yenye ukanda wa kufunga juu ya kiwiko. Ya kampuni inayojulikana utaipata kwa elfu tano au sita hivi kwenye duka la dawa linaloaminika. Hicho ndicho kifaa unachokihitaji wewe. Kabla hujaenda, pima mzingo wa mkono wako kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Ukanda wa kawaida hutosha sentimita 22 hadi 32. Ukizidi hapo omba ukanda mkubwa, kwa sababu ukanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo.

Zinazobaki, elfu tisa hivi, ndizo za saa.

Ya kaka yako mshukuru, lakini usiichukue. Apple Watch huwashwa na kuunganishwa kwa iPhone peke yake. Kwa Samsung yako haitafanya kazi. Hata ungekuwa na iPhone ningekushauri uwe mwangalifu. Saa ya aina ile kampuni yenyewe huitangaza kwa saa 18 za chaji, maana yake huchajiwa kila siku. Miaka mitatu ni kama chaji elfu moja, na betri hizi ndogo hupungua nguvu kadiri zinavyojazwa na kumalizwa. Kubadilisha betri maana yake ni kubandua kioo kilichogundishwa kwa gundi, na baada ya hapo sitathubutu kumwahidi mtu kwamba maji hayataingia. Linganisha na saa inayokaa siku kumi na tatu: hiyo huchajiwa mara thelathini hivi kwa mwaka. Ndiyo sababu kwa mtu asiyehitaji mambo mengi huwa natazama muda wa chaji kabla ya kitu kingine chochote. Na kule kwenu mvua ya radi ikianza jioni, stima ikapotea hadi asubuhi, saa ya siku moja inaamka imezima.

Kwa simu yako ningeanza na Samsung Galaxy Fit3. Ilitoka 2024, hufanya kazi na simu za Android pekee, chaji yake hufika siku 13 kwa maelezo ya kampuni (ukiwasha kila kitu, hesabu pungufu ya hapo), na skrini yake ni pana ya kutosha kusoma bila kukunja uso. Inapima mapigo, hatua na usingizi. Haidai kupima presha wala sukari, na kwa hilo naiheshimu. Ina jambo moja ambalo kwa mtu anayetembea peke yake magharibi ikikaribia ni la maana: hutambua mtu akianguka, na ukibonyeza kitufe cha pembeni mara tano hutuma ombi la msaada kupitia simu yako kwa mtu uliyemchagua. Mchague mwanao.

Ukiikosa, Xiaomi Smart Band 9 inatosha kabisa. Ni nyembamba, nyepesi, chaji hufika wiki tatu kwa maelezo ya kampuni, nayo hukubali Android na iPhone pia, kwa hiyo ukibadilisha simu kesho hujapoteza kitu. Zote mbili mara nyingi huingia ndani ya hizo elfu tisa, ingawa bei hupanda na kushuka na lazima uulize maduka mawili matatu. Zote mbili hazina GPS ya ndani. Ikiwa ungetaka kuacha simu nyumbani na bado saa ichore njia uliyopita, hapo ungeongeza pesa kidogo upate Amazfit Bip 6, yenye GPS yake na spika ya kupokelea simu. Kwa safari ya Dunga mimi singeongeza. Simu utakuwa nayo kwenye mkoba, na njia unaijua.

Kuna zile za wakimbiaji, Garmin na Coros, unazoziona mikononi mwa vijana wa Iten na Kaptagat. Kipchoge mwenyewe ameshirikiana na Coros. Ni saa nzuri mno, na kama mwanao ni mkimbiaji niandikie tena nimjibu kwa urefu. Wewe usilipie mazoezi usiyoyafanya.

Siku ya kununua, nenda mchana, jua likiwa kali. Mwombe muuzaji utoke nayo hadi mlangoni, uitazame chini ya jua la saa saba. Skrini nyingi zinazong'aa vizuri dukani hugeuka kioo cha kujitazamia ukifika nje. Kisha iunganishe na simu yako hapo hapo, kabla ya kulipa. Programu yake uipate kwenye Play Store kwa jina la kampuni yenyewe. Ukiambiwa upige picha mchoro wa mraba ulio kwenye boksi, ukapelekwa kwenye programu isiyojulikana inayotaka kusoma majina yote ya simu, ujumbe wote na mahali ulipo, simamisha hapo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti; usiigawe kwa kampuni isiyo na anwani. Hakikisha chaja iko ndani ya boksi, kwa sababu kila saa ina ya kwake, na ikipotea kuipata nyingine ni shida. Risiti iandikwe namba ya kifaa na muda wa waranti, kwa kalamu na muhuri.

Wapo watu watakaokushauri uijaribu saa kwa kuifunga kwenye ndizi: ikisoma mapigo ya ndizi, ni feki. Usiitegemee njia hiyo. Hata saa nzuri inaweza kusoma mapigo ya ndizi, kwa sababu ngozi ya ndizi nayo hurudisha mwanga na saa hutafuta mdundo hata pasipo na mdundo. Ijaribu mkononi mwako. Kaa utulie, hesabu mapigo yako mwenyewe kwa vidole shingoni kwa dakika nzima, ulinganishe. Tembea haraka dakika tano, uhesabu tena. Zikikaribiana kwa pigo tatu nne mara zote mbili, iko sawa.

Nyumbani, jioni ya kwanza, kuna mambo mawili yatakayokusumbua usipoyamaliza mapema. La kwanza ni ujumbe. Saa ikiunganishwa huanza kuonyesha kila kinachoingia kwenye simu, pamoja na ujumbe wa M-PESA wenye jina la aliyetuma, kiasi, na salio lako lote mwishoni. Fikiria umenyoosha mkono kuandika ubaoni na darasa zima la nne linakutazama. Ingia kwenye mipangilio ya arifa, acha simu zinazopigwa na ujumbe wa watu wachache, mengine yote uyafunge. Ukishafanya hivyo utaona faida ambayo huenda hukuitarajia: simu itabaki ndani ya mkoba, hata Kibuye siku ya soko, na mtetemo mdogo kwenye kifundo utakuambia kama kuna jambo la kuitoa.

La pili, simu nyingi hufunga programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri, na programu ya saa hufungwa pamoja nazo. Baada ya siku mbili utaona saa haileti tena ujumbe, hatua hazihamii kwenye simu, na utadhani imeharibika. Nusu ya saa ninazoletewa "zimeharibika" zina tatizo hilo tu. Nenda kwenye mipangilio ya betri ya simu, tafuta programu ya saa, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi.

Ivae upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, iwe imeshika bila kuacha alama nzito. Ikicheza, mwanga wa nje unaingia na mapigo yanasomeka ovyo. Kwako wewe mwalimu kuna na vumbi la chaki. Huchanganyika na jasho, likaganda kama utando mweupe juu ya kile kioo cha nyuma, taa zikawa hazioni. Kila jioni pangusa mgongo wa saa kwa kitambaa chenye maji kidogo, osha mkanda, ukaushe na ngozi pia kabla ya kuvaa tena. Alama ya 5 ATM utakayoiona inamaanisha inavumilia maji, mvua na kunawa mikono. Haimaanishi maji ya moto na sabuni bafuni, ambavyo hulainisha ule mpira unaozuia maji.

Jambo moja nisiliache, kwa sababu ya mama. Ukiona uso umelegea upande mmoja, mkono umekosa nguvu ghafla, au maneno yanatoka yamekunjamana, usipime chochote. Usingoje saa wala mashine. Ni hospitali wakati huo huo, na mwanao alijue hilo pia.

Mashine ya presha itumie hivi. Asubuhi kabla ya chai na kabla ya dawa kama umeandikiwa, na jioni kabla ya kula. Kama umetoka Dunga, subiri nusu saa. Nenda haja kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono ulale mezani kwenye usawa wa moyo, ukanda uguse ngozi na si sweta. Nyamaza dakika tano. Pima, ngoja dakika moja, pima tena, andika zote mbili kwenye daftari pamoja na tarehe. Usichague ile iliyokupendeza. Fanya siku saba mfululizo, kisha uitupe siku ya kwanza, maana siku hiyo wasiwasi huwa juu, na upige wastani wa siku sita zilizobaki.

Ukipata 135 kwa 85 au zaidi, hicho ni kiwango ambacho kwa vipimo vya nyumbani madaktari hukihesabu kuwa presha ya juu. Usiongeze wiki nyingine ya kutazama, nenda kliniki. Ukiwa chini ya hapo nenda pia, kwa sababu ya historia ya mama na kwa sababu wamekuambia inapanda na kushuka. Beba daftari, na beba mashine yenyewe kwenye boksi lake. Mwombe muuguzi akupime kwa ya kwao, kisha kwa ya kwako, mkono ule ule, dakika chache baadaye. Zikitofautiana kwa zaidi ya 10, mwombe arudie mara mbili. Na kama tofauti bado iko pale pale, toka hapo uende moja kwa moja duka la dawa ukiwa na risiti, ubadilishiwe kabla waranti haijaisha.